Kuidhibiti pumu siku ambazo hujabanwa: mwongozo kamili

Ukimuuliza mwenye pumu anaendeleaje, mara nyingi atakujibu kwa kuangalia usiku uliopita. Akilala vizuri, "nashukuru, imeondoka." Akiamka anatweta, "imenirudia." Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi, kana kwamba pumu ni mgeni anayepita na kwenda zake. Haiendi popote. Siku ambazo kifua ni chepesi ipo, imetulia tu, na siku hizo ndizo za kuishughulikia. Ikishakubana saa tisa usiku, kilichobaki ni kujinasua.

Haya ninayoandika yako katika mpangilio ambao ningetamani mtu angenipa mapema. Dozi zako ni zile alizokuandikia daktari. Mimi naeleza namna ya kuzifanya zikufae.

Hatua ya 1: Elewa kinachobana

Hewa huingia mapafuni kupitia mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia. Mtu akibanwa na pumu, mambo matatu hutokea kwenye mirija hiyo. Misuli inayoizunguka hukaza. Ukuta wake wa ndani huvimba. Kisha makohozi mazito yanayonata hujaa kwenye upenyo mdogo uliobaki. Hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi, ndiyo maana mluzi husikika hasa unapotoa pumzi.

Yashike hayo matatu. Inhela ya kutuliza, ile ambayo wengi wanaijua kwa rangi yake ya bluu, hulegeza misuli. Basi. Uvimbe hauugusi. Unapovuta na kupata nafuu ndani ya dakika tano, kilichofunguka ni misuli. Ukuta uliovimba umebaki vilevile, ukisubiri vumbi, moshi au mafua ya kwanza yatakayopita. Kwa walio wengi uvimbe huo upo hata wiki ambayo hujakohoa mara moja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, mahali ambapo dawa ya kutibu uvimbe haipatikani kirahisi au haikuandikwa kabisa.

Jambo moja kabla hatujasonga mbele: kama hujawahi kupimwa, pimwa. Si kila kifua kinachopiga mluzi ni pumu. Kifua kikuu, ugonjwa wa moyo, mapafu yaliyoharibiwa na sigara, hata karanga iliyokwama kwenye njia ya hewa ya mtoto, vyote vinaweza kufanana nayo. Kipimo chenyewe kinaitwa spirometria: unapuliza kwa nguvu zote kwenye mashine, unavuta dawa ya kufungua mirija, unasubiri kidogo, kisha unapuliza tena. Kwa mtu mzima, kiasi cha hewa unachotoa katika sekunde ya kwanza kikipanda kwa asilimia 12 au zaidi na kwa mililita 200 au zaidi, hiyo ni dalili nzito kwamba mirija inabana na kuachia, ambayo ndiyo tabia ya pumu.

Hatua ya 2: Jiulize maswali manne

Usijipime kwa kusema "naendelea vizuri." Wenye pumu tumezoea kuvumilia mno kiasi kwamba kupumzika katikati ya ngazi tunaona ni jambo la kawaida. Chukua wiki nne zilizopita, ujiulize:

Je, nimekuwa na dalili za mchana (kukohoa, mluzi, kifua kubana, kutweta) zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu imeniamsha usiku hata mara moja? Je, nimetumia inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, ukiacha ile ya kabla ya mazoezi? Je, kuna kitu nimeacha kukifanya kwa sababu ya kifua?

Majibu yote yakiwa hapana, pumu yako imedhibitiwa. Ndiyo moja au mbili, imedhibitiwa nusunusu. Tatu au nne, haijadhibitiwa, hata kama hujawahi kulazwa. Swali la nne ndilo hudanganya watu. Mtu atakuambia hasumbuliwi kabisa, ukidadisi unagundua aliacha kucheza mpira miaka mitatu iliyopita na hafagii tena chumba chake mwenyewe.

Kwa mtoto, waulize pia wanaoshinda naye. Mtoto hasemi "kifua kinabana". Huacha kukimbia na wenzake akaketi pembeni, au hukohoa kila anapocheka sana.

Hatua ya 3: Tofautisha dawa mbili, na uzipe kila moja kazi yake

Dawa ya kutuliza, kwa wengi salbutamol, huanza kazi ndani ya dakika chache na kudumu saa nne hadi sita. Inaweza kukutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio kwa muda. Hali hiyo hupita.

Dawa ya kinga ni steroidi ya kuvuta: beclometasone, budesonide, fluticasone na nyinginezo. Hii ndiyo inayopunguza uvimbe. Huisikii ikifanya kazi. Hakuna nafuu ya papo hapo, na hapo ndipo wengi huachana nayo: wanavuta siku tatu, hawaoni kitu, wanairudisha kabatini. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili, na kuna watu huchukua miezi mitatu au minne kuona faida yake yote. Unaivuta asubuhi na jioni, au kama ulivyoandikiwa, iwe kifua kinabana au hakibani.

Kuna pia inhela zenye dawa mbili kwa pamoja, kwa mfano budesonide na formoterol. Mchanganyiko huo una upekee wake: formoterol hufungua mirija haraka, kwa hiyo inhela hiyohiyo inaweza kutumika kama kinga na kama kitulizo, ikiwa daktari amekuandikia hivyo. Usifanye hivyo na kila inhela yenye dawa mbili, maana nyingine, kama zile zenye salmeterol, hazifungui kwa haraka. Na usiende kwa rangi. Watengenezaji hawafuati rangi moja, kwa hiyo soma jina la dawa kwenye kopo.

Tangu mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa wa pumu wa GINA hawashauri tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake. Kila mwenye pumu wa umri huo anatakiwa apate na steroidi ya kuvuta kwa namna moja au nyingine. Sababu yao ni hesabu ya makopo. Mtu anayemaliza makopo matatu au zaidi ya dozi 200 kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayefikisha 12, yaani moja kila mwezi, hatari ya kufa inapanda. Kwa hiyo ukitaka kujua hali yako bila mashine yoyote, hesabu makopo ya bluu uliyomaliza tangu mwaka uanze.

Utasikia kwamba inhela inamfanya mtu kuwa tegemezi, kwamba ni ya wagonjwa mahututi, kwamba ukiianza huiachi. Nimeyasikia hayo hata kwa watu wanaomeza vidonge vya salbutamol au aminophylline kila siku bila wasiwasi wowote. Tazama dozi. Pafu moja ya salbutamol, yaani dawa inayotoka ukiibonyeza inhela mara moja, kwa kawaida ina mikrogramu 100. Kidonge kimoja kina miligramu 2 au 4, yaani mara 20 hadi 40 zaidi, na chote kinapitia damuni kabla ya kufika kifuani. Kidonge huchelewa, hutetemesha zaidi na husumbua moyo zaidi. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja pale panapoumwa, kwa kiasi kidogo.

Steroidi ya kuvuta nayo ina madhara yake, tusifiche. Inaweza kukausha sauti na kuacha utando mweupe wa fangasi mdomoni. Ndiyo maana unasukutua maji na kuyatema kila baada ya kuvuta. Kwa watoto wanaoitumia muda mrefu, kimo chao cha mwisho kinaweza kupungua kwa takriban sentimita 1. Mzazi ana haki ya kulijua hilo, na ana haki ya kujua pia kwamba pumu isiyotibiwa nayo hudumaza.

Hatua ya 4: Jifunze kuvuta upya, hata kama umevuta miaka kumi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo dawa nyingi hupotea. Watu wengi wanaotumia inhela huitumia vibaya na hawajui. Simama mbele ya kioo, uvute kama kawaida yako, ujitazame. Ukiona ukungu mweupe ukitoka pembeni mwa midomo, puani, au ukibaki unaelea juu ya inhela, hiyo ndiyo dozi yako ikiondoka. Mimi nilipojitazama mara ya kwanza niliona ukungu umenifunika mashavu. Miaka yote ile nilikuwa napulizia uso.

Kwa inhela ya kawaida ya kubonyeza:

1. Toa kifuniko, chungulia ndani ya mdomo wa inhela. Uchafu wa mfukoni huingia humo, na kuna watu wamevuta vipande vya vitu hadi kwenye mapafu.
2. Tikisa vizuri, mara nne au tano. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, bonyeza hewani kwanza mara chache, kulingana na karatasi yake ya maelezo.
3. Kaa au simama wima. Toa pumzi taratibu hadi kifua kiwe chepesi.
4. Weka mdomo wa inhela kati ya meno, ufunge midomo kuizunguka. Ulimi ubaki chini.
5. Anza kuvuta hewa polepole, na papo hapo bonyeza mara moja tu. Endelea kuvuta polepole, kwa kina, sekunde tatu hadi tano. Polepole. Ukivuta kwa pupa dawa inagonga ukuta wa koo na kuishia hapo.
6. Funga mdomo, zuia pumzi hadi sekunde 10, au kadiri unavyoweza.
7. Kama umeandikiwa pafu ya pili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, anza upya. Usibonyeze mara mbili kwa pumzi moja.
8. Kama ni dawa ya kinga, sukutua na uteme.

Namba 5 ndiyo ngumu, kuoanisha mkono na pumzi. Spesa huondoa ugumu huo. Ni kopo la plastiki lenye tundu la inhela upande mmoja na la mdomo upande wa pili: unabonyeza dawa ndani yake, kisha unaivuta kwa utulivu wako. Dawa nyingi zaidi hufika mapafuni na kidogo zaidi hubaki kooni. Binafsi siielewi dhana kwamba spesa ni ya watoto. Mtu mzima anayevuta steroidi kwa inhela ya kubonyeza na hana spesa anatupa dawa yake. Mtoto mdogo huwekewa barakoa iliyoshikana vizuri na uso, akapumua kawaida mara tano au sita kwa kila pafu. Mtoto anayelia hapati dawa ya kutosha, kwa hiyo mzoeshe siku za utulivu, aivalishe hata mwanasesere wake kwanza.

Spesa inaoshwa mara moja kwa wiki au hata kwa mwezi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha inaachwa ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Kusugua plastiki kunaleta umeme tuli, na chembe za dawa hunata ukutani badala ya kuja kwako.

Na kama spesa haipatikani? Chupa ya plastiki ya mililita 500 inafaa. Hili si jambo la kubuni tu: watafiti wa Afrika Kusini walilichunguza kwa watoto waliobanwa na kulichapisha mwaka 1999, wakaona chupa iliyotobolewa na kuzibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Chupa iwe safi na kavu. Toboa tundu kwenye kitako lenye umbo na ukubwa uleule wa mdomo wa inhela, uizibe kwa gundi au plasta pasiwe na mwanya, na shingo ya chupa ndiyo iwe mdomo wako. Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, ioshe kwa sabuni na uiache ikauke bila kuifuta, kwa sababu ileile ya umeme tuli.

Inhela za unga ni kinyume kabisa. Hazitikiswi, hazitumii spesa, na huvutwa kwa nguvu na haraka tangu mwanzo, kwa sababu ni nguvu ya pumzi yako ndiyo inayoipeperusha dawa. Usipumulie ndani yake. Unyevu wa pumzi hugandisha unga.

Hatua ya 5: Hesabu dozi zilizobaki

Niliwahi kuketi ukingoni mwa kitanda usiku, inhela mkononi, nikibonyeza. Ilitoa sauti ileile, ukungu uleule, hata ladha. Kifua kikabaki kimefunga. Kopo lilikuwa limepitisha idadi yake siku nyingi. Kilichotoka kilikuwa gesi ya kusukumia. Inhela haifi kwa ghafla kama betri. Huendelea kupuliza baada ya dawa kwisha, na kulitikisa hakukuambii chochote. Ile mbinu ya zamani ya kuliweka kopo kwenye maji uone kama linaelea nayo si ya kuaminika.

Kama inhela yako ina kihesabio, kitazame. Kama haina, piga hesabu siku unayoifungua: kopo la dozi 200, pafu mbili asubuhi na mbili jioni, ni siku 50. Andika tarehe ya kuisha juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Ya kutuliza, ambayo haitumiki kila siku, weka alama kwenye karatasi kila unapovuta. Alama hizo ndizo pia zitakazokujibu lile swali la tatu.

Hatua ya 6: Tafuta vichochezi vyako, si vya jirani

Orodha ya vitu vinavyochochea pumu ni ndefu, na mtu akiifuata yote hataishi. Tafuta vyako. Kwa mwezi mmoja andika kila unapobana: saa ngapi, ulikuwa wapi, umetoka kufanya nini. Mkondo utaonekana.

Moshi haubishaniwi. Wa sigara, wako au wa mwenzako, hata huzuia steroidi ya kuvuta kufanya kazi yake sawasawa. Moshi wa kuni, mkaa, ubani na dawa za mbu za kuchoma uko katika kundi hilohilo: moto uwe nje au penye dirisha linalopitisha hewa, na mwenye pumu asiwe mpuliza moto wa nyumba.

Kwa wengi wanaobanwa zaidi wakiwa kitandani au asubuhi, mshukiwa ni utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro, mito na mazulia na kula ngozi inayopukutika mwilini. Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, funika godoro kwa gamba lisilopitisha vumbi, toa zulia na vitambaa visivyo vya lazima chumbani. Kinachokubana zaidi ni kinyesi chao, ndiyo maana kufagia kwa ufagio mkavu humfanya mtu akohoe hata kama kitanda kinaonekana safi. Tumia kitambaa chenye maji. Kinyesi na mabaki ya mende nayo ni kichochezi kikali, na kuvu wa ukutani vilevile.

Mafua ndiyo huwaangusha wengi, hasa watoto. Huwezi kuyakwepa yote, ila chanjo ya mafua ya kila mwaka husaidia, na mafua yakianza huo ndio wakati wa kufungua mpango wako ulioandikwa (tutaufikia).

Vingine ni chavua, manyoya ya wanyama, manukato, hewa ya baridi, kemikali za kazini, kiungulia, hasira na kicheko. Hata radi. Tarehe 21 Novemba 2016 huko Melbourne, Australia, dhoruba ilipasua chavua kuwa vumbi laini linalofika ndani kabisa ya mapafu; maelfu walikimbilia hospitali kwa usiku mmoja na watu 10 walikufa. Wengine kati ya waliobanwa walikuwa hawajawahi kuambiwa wana pumu.

Na zitazame dawa zenyewe. Aspirini, ibuprofen na diclofenac huwabana vibaya baadhi ya wenye pumu. Kama umewahi kuzimeza bila tatizo, huna haja ya kuziogopa. Propranolol, dawa ya moyo na presha, na dawa ya matone ya macho iitwayo timolol, nazo zinaweza kukubana, kwa hiyo mwambie kila anayekuandikia dawa kwamba una pumu.

Hatua ya 7: Andika mpango, ubandike panapoonekana

Mpango ni karatasi moja yenye sehemu tatu: navuta nini nikiwa sawa, naongeza nini dalili zikianza, naenda wapi nikizidiwa. Ujaze pamoja na daktari au muuguzi wako. Ukiwa umeandikwa, hata mtu wa nyumbani asiyejua chochote kuhusu pumu anaweza kuusoma wewe ukiwa huwezi kusema.

Kifaa kidogo cha kupimia nguvu ya pumzi husaidia sana hapa, hasa kwa wale wasiohisi mbano mapema. Unasimama, unavuta hewa hadi mwisho, unapuliza kwa mshindo mmoja kama anayezima mishumaa yote mara moja, unarudia mara tatu na kuandika namba kubwa. Ukifanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki mbili ambazo huna shida, namba ya juu kabisa ndiyo kipeo chako. Tuseme ni lita 450 kwa dakika. Asilimia 80 yake ni 360: juu ya hapo uko salama. Kati ya 225 na 360, fuata sehemu ya pili ya mpango. Chini ya 225, ambayo ni nusu, ni dharura hata kama unajiona unaweza kuvumilia. Namba inayoshuka siku mbili tatu mfululizo inakuambia jambo ambalo kifua hakijasema bado.

Hatua ya 8: Ukibanwa

Keti wima, uinamie mbele kidogo, mikono kwenye magoti au meza. Usilale. Legeza nguo shingoni. Vuta dawa ya kutuliza kwa spesa, pafu moja moja, ukipumua mara nne kwa kila pafu, hadi pafu nne. Subiri dakika nne. Usipopata nafuu, rudia pafu nne nyingine. Mpango wako ukitaja idadi tofauti au inhela tofauti, fuata mpango. Ukiona bado, ita gari la wagonjwa au upelekwe hospitali, ukiendelea kuvuta njiani. Usijiendeshe mwenyewe.

Kuna dalili ambazo hazingojei hesabu hiyo. Mtu aende mara moja. Hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Mtoto hawezi kunyonya au kula. Ngozi inaingia kati ya mbavu au juu ya mfupa wa shingo. Midomo, ulimi au kucha zimegeuka rangi, kijivu au samawati (kwenye ngozi nyeusi tazama fizi na ndani ya midomo). Amesinzia au amechanganyikiwa. Na hii inayowapoteza wengi: ukimsikia aliyekuwa anapiga mluzi amenyamaza ghafla huku bado anahangaika kuhema, usishukuru. Mluzi unahitaji hewa inayopita. Kifua kikinyamaza hivyo, hewa imekaribia kuisha.

Asivukizwe, asipewe mfuko wa kupumulia, asinyweshwe chochote cha kienyeji wakati huo. Hospitalini atapewa dawa ya kufungua mirija, oksijeni ikihitajika, na pengine prednisolone kwa siku chache, kwa mtu mzima mara nyingi siku 5 hadi 7. Vidonge hivyo huokoa maisha. Lakini kujinunulia kila unapobana kuna gharama yake kwenye mifupa, sukari, presha na macho. Kama umevihitaji mara mbili ndani ya mwaka, dawa yako ya kinga haitoshi au haifiki.

Hata kama mbano umeachia nyumbani, onwa ndani ya siku moja au mbili. Kubanwa tena katika siku hizo ni jambo la kawaida.

Mazoezi na ujauzito

Pumu iliyodhibitiwa haikatazi mazoezi. Paula Radcliffe, aliyegundulika na pumu akiwa kijana, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Pasha mwili dakika 10 hadi 15 kwa kasi ndogo, na kama daktari amekuelekeza, vuta dawa ya kutuliza muda mfupi kabla. Kwenye baridi funika pua na mdomo. Ila ukijikuta huwezi kukimbia hata mita chache bila inhela, tatizo haliko kwenye mazoezi. Rudi hatua ya pili.

Mama mjamzito asiache inhela zake. Kwa takriban theluthi moja ya wajawazito pumu huzidi, theluthi nyingine hupata nafuu, waliobaki hawabadiliki. Mwanzoni hakuna ajuaye atakuwa kundi lipi. Mtoto aliye tumboni anapumua kwa pumzi ya mama, na kukosa oksijeni kunamdhuru kuliko dawa ya kuvuta.

Hatua ya 9: Siku ya kliniki

Nenda hata kama hujabanwa, hasa kama hujabanwa. Beba inhela zote, spesa, na ile karatasi ya alama. Kabla hujaongezewa dawa, omba uangaliwe unavyovuta. Mara nyingi kinachoonekana kama pumu sugu ni inhela isiyofika, au dawa ya kinga isiyovutwa. Kama umekuwa unaruka dozi, sema. Daktari asiyejua hilo atakuongezea dawa nyingine ambayo nayo utairuka.

Ukikaa kama miezi mitatu majibu ya maswali manne yote yakiwa hapana, uliza kuhusu kupunguza dozi. Hupunguzwa kidogo kidogo, tena si wakati una mafua, unasafiri au una mimba. Steroidi ya kuvuta haikatwi kabisa kwa sababu tu umepata nafuu. Mkikubaliana dozi mpya, futa ya zamani kwenye karatasi ya ukutani siku hiyohiyo, uandike na tarehe.